Zoezi la Watu Kumi na Mmoja

Wachezaji wetu wengi wa mpira wa kikapu huchukia kuzunguka uwanja mbio, na mwalimu wa michezo akigeuka tu hupunguza mwendo. Siwalaumu sana. Mbio hizo humpa mtu pumzi, lakini hazimfundishi kuamua jambo hali amechoka. Muhula huu michezo miwili ilituponyoka katika dakika za mwisho, si kwa kuwa tulishindwa kukimbia, bali kwa kuwa pasi zilitupwa ovyo. Ndiyo maana nataka kulieleza zoezi tulilolianza, lisilohitaji ila mpira mmoja.

Watatu husimama katikati ya uwanja. Mbele ya kila kikapu huwekwa walinzi wawili, na wengine wawili hungoja kando, mmoja kila upande. Jumla ni kumi na mmoja. Wale watatu huwashambulia walinzi wa upande mmoja. Mpira ukiingia, ukikosa au ukinyang'anywa, wote watano huugombea. Aupataye humpa upesi mmoja wa wale wa kando, kisha hao wawili pamoja naye hukimbilia kikapu cha pili. Wanne waliobaki hawaketi: wawili huwa walinzi, wawili huenda kando. Basi, zoezi haliishi mpaka kipenga kilie.

Kazi ngumu ni ya mtu wa katikati. Yampasa aulete mpira mpaka mstari wa adhabu, asimame hapo, amtazame mlinzi wa mbele. Mlinzi akimjia, mpira uende pembeni, na pasi ya kudunda chini ndiyo bora. Asipomjia, atupe mwenyewe. Wengi hupenda kujisonga mpaka chini ya kikapu, na hapo hata mlinzi mmoja aweza kuwazuia wote watatu. Wa pembeni nao wasiingie ndani mapema. Uwanja una upana wa mita 15, na walinzi wawili hawawezi kuutosha ukitumiwa wote.

Boston Celtics wa Marekani, waliotwaa ubingwa mara 11 kati ya mwaka 1957 na 1969, walisifika kwa mchezo wa namna hii. Bill Russell aliudaka mpira uliokosa, naye Bob Cousy, mpaka alipowaacha mwaka 1963, aliupokea na kuondoka nao kabla wapinzani hawajageuka.

Sisi hucheza dakika tatu, tukapumzika, kisha tatu tena. Mvivu hana pa kujificha, maana zamu ya kushambulia humfikia kabla hajapata pumzi. Vikapu huhesabiwa kwa sauti, na mpira ukipotea bila kutupwa kikapuni, hesabu huanza upya. Wiki iliyopita tulifika kumi na mbili. Aliyeikata hesabu ni mrefu wetu kuliko wote, naye alikuwa peke yake chini ya kikapu.