Matumizi ya Simu za Mkononi katika Ufuatiliaji wa Dalili za Tumbo kwa Wagonjwa wa Ini: Mfano wa Mbweni, Dar es Salaam

1.0 Utangulizi
Ugonjwa sugu wa ini hujidhihirisha kwa kiasi kikubwa tumboni. Mgonjwa aliyefikia hatua ya sirosisi, yaani ini kujaa makovu, anaweza kupatwa na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, tumbo kujaa na mabadiliko ya choo. Dalili hizo hubadilika siku hadi siku, ilhali daktari humwona mgonjwa baada ya wiki au miezi. Kwa mkazi wa Mbweni, kata ya pwani iliyo kaskazini mwa Manispaa ya Kinondoni, kufika Hospitali ya Taifa Muhimbili ni safari ndefu. Programu ya simu inaweza kupunguza pengo hilo, mradi maswali yake, mjibuji wake na mpokeaji wake vimezingatia asili ya ugonjwa wenyewe.

2.0 Lugha ya Maswali
Kauli "tumbo limejaa" hubeba maana mbili: gesi, au maji yanayokusanyika tumboni kutokana na sirosisi. Swali la ndiyo au hapana haliwezi kuzitenganisha. Uzito unaopimwa kila asubuhi, pamoja na swali kuhusu kuvimba miguu, hutoa taarifa bora zaidi. Vivyo hivyo, choo cheusi kinachonata kama lami huashiria kuvuja damu, lakini vidonge vya kuongeza damu navyo huweza kukifanya choo kiwe cheusi. Hivyo dawa anazotumia mgonjwa ziulizwe mapema. Hata hivyo, anayetapika damu au kupata choo cha namna hiyo aelekezwe hospitali mara moja, bila kusubiri majibu ya programu.

Idadi ya choo nayo huhitaji tafsiri maalumu. Mgonjwa anayetumia laktulosi hutarajiwa kupata choo laini mara mbili hadi tatu kwa siku. Programu ya kawaida ya tumbo inaweza kulihesabu jambo hilo kuwa kasoro, na mgonjwa akaacha dawa inayomkinga.

3.0 Mjibuji wa Maswali
Laktulosi hutolewa ili kuzuia ensefalopathi ya ini, hali ambayo sumu zisizochujwa na ini huvuruga ubongo. Mgonjwa husahau, hulala mchana na huweza kuchanganyikiwa. Hapa ndipo penye udhaifu mkuu wa ufuatiliaji unaomtegemea mgonjwa peke yake: dalili inapozidi, uwezo wa kuiripoti hupungua. Kwa sababu hiyo, ndugu anayemuuguza aandikishwe tangu mwanzo, kwa ridhaa ya mgonjwa, awe mjibuji wa pili. Ridhaa hiyo ni muhimu kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

4.0 Maana ya Ukimya
Utafiti wa WelTel nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la The Lancet, unatoa funzo la karibu. Watu 538 walioanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipokea kila wiki ujumbe mfupi wenye neno "Mambo?", na kila mmoja alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyejibu "Shida", na hata asiyejibu, alipigiwa simu na mhudumu. Waliozingatia dawa walikuwa asilimia 62, dhidi ya asilimia 50 katika kundi lisilopokea ujumbe.

Ugonjwa wa ini ni tofauti, na matokeo hayo hayawezi kuhamishwa moja kwa moja. Hata hivyo, utaratibu wake unafaa: ukimya ulihesabiwa kuwa jibu linalohitaji kufuatiliwa. Kwa mgonjwa wa ini, ukimya wa siku moja unaweza kuwa dalili ya kwanza ya ensefalopathi.

5.0 Hitimisho
Thamani ya programu haipimwi kwa wingi wa takwimu inazokusanya. Hupimwa kwa kuwapo mhudumu, kama muuguzi wa kituo cha karibu, mwenye wajibu wa kupiga simu jibu linapokosekana. Bila mhudumu huyo, simu hubaki daftari tu.