Lori la bati na ndala zilizopotea

Ijumaa moja baada ya swala ya Alasiri, kikao cha kamati ya msikiti wetu kilipokea lalamiko. Mzee mmoja, miongoni mwa wale wasiokosa safu ya kwanza, alikuwa amepoteza ndala zake mlangoni. Kupotea kwa ndala msikitini si jambo geni, wala hatuujui msikiti ambao haujafikwa na mtihani huo. Lakini safari hii mzee alikuja na ushahidi mkononi: gurudumu dogo la buluu, lililokatwa kwa wembe kutoka katika soli ya ndala, aliloliokota barazani kwa madrasa.

“Katibu,” akatuambia, “andika tangazo. Magari ya watoto yakome hapa msikitini. Leo wanakata ndala, kesho watakata mazulia.”

Wajumbe walicheka, lakini mzee hakucheka. Nasi tuliona kwamba ndani ya maneno yale mlikuwa na tuhuma ya wizi, na tuhuma dhidi ya mtoto si jambo la kubandikwa ukutani kabla ya kuchunguzwa. Tukaomba tupewe wiki moja.

Daftari lenye safu mbili

Msikiti wetu uko jirani na barabara kuu iendayo Tunduma. Wazazi wengi wa watoto wa madrasa ni madereva na mautingo wa malori yanayobeba mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo. Jumamosi, baada ya darasa, tuliwakuta vijana sita wamekaa barazani, katikati yao pana vipande vya bati, spoku za baiskeli, maboksi, gundi, na rundo la ndala. Tulizikagua ndala zile moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa zimekatika kanda, hakuna mbili zilizofanana, na kadhaa zilikuwa zimechakaa hata kisigino kimetoboka. Zilikuwa ndala za jalalani. Za mzee hazikuwamo.

Tulitarajia kuona magari kama yale tuliyokulia nayo sisi: waya uliokunjwa, usukani wa fimbo ndefu, na vumbi nyuma yake. Yale yalikuwa magari ya kukimbiza. Haya yalikuwa mengine. Kijana mmoja wa miaka 11 alikuwa na daftari la shule ambalo kila ukurasa ameugawa safu mbili. Juu ya safu ya kwanza aliandika “La baba”, juu ya ya pili “Langu”. Katika safu ya kwanza kulikuwa na vipimo vya lori halisi. Katika ya pili, vipimo hivyohivyo vikiwa vimegawanywa kwa 24.

“Kwa nini 24?” tukamuuliza.

“Ustadhi, nilianza na 10, likawa kubwa haliingii mlangoni.”

Fani yenye historia

Alichokuwa akikifanya kijana huyu ni fani inayojulikana duniani, ingawa yeye hakuwa na habari. Uwiano wa moja kwa 24 ni miongoni mwa vipimo vinavyotumika sana na waundaji wa magari ya mfano, na asili yake ni hesabu ya futi na inchi: kila futi moja ya gari halisi huwa nusu inchi katika mfano.

Kampuni ya Airfix ya Uingereza, ambayo leo jina lake ni kama jina la fani yenyewe, ilianza katika uwanja huu mwaka 1949 kwa trekta la Ferguson, mfano uliokusudiwa kwanza kwa mawakala wa kuuza matrekta. Nchini Marekani, kampuni ya AMT ya Michigan ilitengeneza magari madogo kwa ajili ya wafanyabiashara wa magari, kisha mwaka 1958 ikatoa visanduku vya vipande ambavyo mnunuzi aliweza kuviunganisha kwa namna tatu tofauti. Huko Japani, kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka ilianza mwaka 1946 kama biashara ya mbao. Ikachonga mifano ya mbao kabla haijahamia kwenye plastiki mwaka 1960. Kwa wapenzi wa malori, Italeri ya Italia hutoa hata vichwa vya Scania kwa uwiano uleule wa moja kwa 24.

Lakini mfano uliotugusa zaidi ni wa mashindano yaliyoendeshwa na Fisher Body, tawi la kampuni ya General Motors, kuanzia mwaka 1930 hadi 1968. Vijana wa Marekani waliitwa kutengeneza kwa mikono yao, kwanza kigari cha farasi cha kifalme, na baadaye magari ya kubuni kwa uwiano wa moja kwa 12. Washindi walipewa gharama za kusoma chuo kikuu. Mmoja wao, Chuck Jordan, alishinda mwaka 1947. Miaka mingi baadaye alikuwa mkuu wa usanifu wa magari wa General Motors. Kilichoanza mezani kwa mtoto kilimfikisha meza kuu.

Hatusemi kwamba kila kijana wa barazani kwetu atakuwa mhandisi. Tunasema tu kwamba wapo watu waliouona mchezo huu wakaupa uzito, na hawakupata hasara.

Hesabu ya tairi

Mzazi anayetaka kumwanzishia mwanawe hahitaji kununua kisanduku kutoka ng’ambo. Anahitaji rula, bikari, mkasi, na gari la kupima. Achukue kontena la futi 40, ambalo hupita barabarani mwetu usiku na mchana. Urefu wake ni mita 12.19, upana mita 2.44, na kimo mita 2.59. Gawanya kwa 24: urefu ni sentimita 50.8, upana 10.2, na kimo 10.8. Boksi gumu la dukani linatosha kulikata na kulikunja.

Tairi nalo limeandikwa vipimo vyake ubavuni. Lori kubwa mara nyingi huvaa tairi la 315/80 R22.5. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, nacho ni asilimia 80 ya upana huo, yaani milimita 252. Ya mwisho ni kipenyo cha ringi kwa inchi, sawa na milimita 571.5. Jumlisha ringi na ubavu mara mbili, utapata takriban mita 1.08. Gawanya kwa 24: gurudumu la sentimita 4.5, lenye unene wa milimita 13 hivi. Sasa chukua ndala kuukuu uipime soli yake. Unene wake hauko mbali na hapo. Watoto walikuwa wameligundua hilo kabla yetu.

Kichwa chenye ekseli tatu hubeba matairi 10, na tela la ekseli tatu hubeba 12. Magurudumu 22 yanayolingana, yaliyokatwa kwa wembe na kusuguliwa kwa msasa, si kazi ya siku moja. Mzazi awe karibu wakati wa wembe na bati, kwa sababu vidole vya mtoto havina badali.

Je, inafaa?

Mjumbe mmoja alituuliza kama kutengeneza mifano hakuingii katika katazo la sanamu. Jibu linajulikana kwa waliosoma. Katazo linahusu vyenye roho, na Ibn Abbas, Allah amridhie, alimwelekeza mchoraji aliyemjia kwenye miti na visivyo na roho. Gari halina roho. Na hata katika vitu vya kuchezea vya watoto, Abu Dawud amepokea habari ya mama yetu Aisha, Allah amridhie, na farasi wake mwenye mbawa za vitambaa, na kwamba Mtume (S.A.W.) alipomuona na kusikia maelezo yake alicheka. Yaliyobaki ni adabu za kila mchezo: usimpitishe mtu wakati wa swala, usiwe wa israfu, na usitumie cha mwenzio bila ridhaa yake.

Dumu la udhu

Wiki ile tulizungumza pia na mama wa yule kijana, alipokuja kumchukua mdogo wake. Alitueleza jambo ambalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Mumewe husafiri wiki tatu, wakati mwingine zaidi. Zamani, alipopiga simu, mazungumzo yake na mwanawe yalikuwa ya maneno manne: umekula, umesoma, haya, mpe mama simu. Hakukuwa na ugomvi. Hawakuwa tu na la kuzungumza. Tangu daftari lile lianze, kijana ndiye anayeisubiri simu. Anauliza kutoka ekseli hadi ekseli ni kiasi gani. Na baba, akiwa kwenye foleni ya mpakani, anateremka na futi kamba, analizunguka lori lake akisoma namba, utingo ameshika upande wa pili.

Kijana alikifungua kichwa cha lori lake atuonyeshe ndani. Nyuma ya viti alikuwa ametengeneza kitanda cha boksi na kukitandika kipande cha kanga. Kichwa kikifungwa, hakuna atakayekiona.

“Baba analala hapa,” alisema.

Baba alirudi siku nne baadaye. Tulikuwapo alipoletewa lori lile barazani. Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza polepole, akatazama chini ya tela, kisha akasema, “Dumu la udhu liko kushoto. Umeliweka kulia.”

Kijana akafungua daftari. “Baba, ulisema kulia.”

Baba akafikiri kidogo, kisha akacheka. “Nilikuwa nimesimama mbele ya gari, nalitazama.” Wakakaa chini wote wawili, wakalifungua dumu na kulihamishia upande wake.

Tumesikia nasaha nyingi juu ya kukaa na watoto, na nyingine tumezitoa wenyewe, mimbarini na magazetini. Mara chache tumemwambia mzazi akae nao akifanya nini. Hapa pana kitu kimoja cha kufanya, kisichohitaji fedha nyingi wala maneno mengi, na hata aliye mbali anaweza kushiriki.

Ama ndala za mzee, zilirudi Ijumaa iliyofuata. Muumini mmoja alizivaa kwa kughafilika, akaziacha zake zinazofanana nazo. Mzee alizipokea kimya. Baadaye tulimuona akisimama barazani kitambo kirefu, akimuuliza kijana kwa nini magurudumu ya mbele ni mawili tu na ya nyuma ni manane.

Tangazo tuliloagizwa tuliliandika, na liko ukutani hadi leo. Linasema kwamba ndala zilizokatika zisitupwe, bali ziwekwe kwenye boksi lililo mlangoni mwa madrasa. Na linawakumbusha vijana kufagia baraza kabla ya adhana ya Magharibi.

Wabillahi tawfiq.