CHAGUA GURUDUMU NA TAIRI LINALOFAA NJIA YAKO



Baiskeli ni mali. Inabeba mahindi kwenda mashineni. Inabeba ndoo za maji. Inampeleka mgonjwa zahanati. Siku hizi pikipiki ni nyingi vijijini, lakini baiskeli bado ina sifa moja kubwa: hainywi mafuta.

Lakini baiskeli ni magurudumu. Fremu ikiwa nzuri na magurudumu mabovu, utaisukuma kwa mkono mpaka nyumbani. Tena tairi likipasuka kwenye mteremko, huku umebeba mtoto nyuma, hiyo si hasara ya fedha tu. Ni hatari ya maisha.

Njia zetu nyingi ni mchanganyiko. Unatoka nyumbani kwa njia ya mchanga. Unaingia barabara ya changarawe. Mwisho unafika kwenye lami. Je, gurudumu gani na tairi gani vinafaa njia zote hizo? Tuanze na jambo ambalo wewe unayesoma gazeti hili unaliweza.

SOMA NAMBA ZA TAIRI

Tazama ubavu wa tairi la baiskeli yako. Pangusa vumbi. Utaona namba. Usiende dukani kabla ya kuzisoma na kuziandika kwenye karatasi.

Baiskeli kubwa za mtindo wa zamani, zile za breki za vyuma, mara nyingi zina tairi la 28 x 1 1/2. Maana yake ni kwamba tairi lina kimo cha inchi 28 hivi, na unene wa inchi moja na nusu. Baiskeli za mlimani, zile za tairi nene, nyingi zina tairi la 26 x 1.95 au 26 x 2.125.

Sasa angalia vizuri. Kuna tairi la 26 x 1 3/8 na kuna tairi la 26 x 1.95. Yote mawili yanaitwa "ishirini na sita". Lakini hayaingiliani! Ringi zake zinatofautiana kwa sentimita 3 hivi. Mtu akimwambia mwenye duka "nipe ishirini na sita" bila kusema zaidi, anaweza kurudi kijijini na tairi lisiloingia. Fedha imekwenda, na safari ya mjini imepotea.

Kwa hiyo tafuta namba nyingine, ndogo, kwenye ubavu huo huo. Zimeandikwa hivi: 40-635. Namba ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita. Namba ya pili ni upana wa duara pale tairi linapokaa kwenye ringi, pia kwa milimita. Namba hii ya pili haidanganyi. Tairi la 28 x 1 1/2 ni 635. Tairi la 26 x 1 3/8 ni 590. Tairi la 26 x 1.95 ni 559. Baiskeli nyingi za mtumba kutoka Ulaya zina 622. Namba ya pili ya tairi jipya lazima iwe sawa kabisa na ya tairi la zamani. Namba ya kwanza inaweza kuzidi au kupungua kidogo.

TAIRI NENE AU JEMBAMBA?

Zamani baiskeli zilitumia mpira mgumu usio na upepo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alisajili tairi la upepo. Alikuwa amelijaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Tangu hapo, kinachokubeba juu ya mawe si mpira. Ni upepo ulio ndani yake.

Tairi nene lina nafasi kubwa ya upepo. Halizami upesi kwenye mchanga. Linameza mawe madogo, na mgongo wako hauumii. Tairi jembamba ni jepesi na linakimbia vizuri kwenye lami, lakini kwenye changarawe linateleza na kuzama.

Piga hesabu ya safari yako. Tuseme kutoka kwako mpaka sokoni ni kilomita 20. Kilomita 14 ni changarawe, na kilomita 6 ni lami. Sehemu kubwa ya safari ni changarawe. Basi chagua tairi kwa ajili ya changarawe. Chukua lililo nene kadiri fremu inavyoruhusu.

Pima nafasi. Tairi lisiguse fremu wala madigadi. Kidole chako kidogo kipite kati ya tairi na fremu, kila upande. Kama eneo lenu lina matope mengi, acha nafasi kubwa zaidi. Matope yakijaa hapo, gurudumu halizunguki.

MENO YA TAIRI

Watu wengi hufikiri kwamba tairi lenye meno makubwa ndilo bora siku zote. Si kweli. Meno makubwa ni ya matope. Kwenye lami yanavuma, yanachosha miguu na yanakwisha upesi. Kwenye changarawe iliyoshindiliwa, meno madogo yanatosha. Kwenye mchanga, unene wa tairi unasaidia kuliko meno.

Kwa njia ya mchanganyiko, tafuta tairi ambalo katikati ni laini au lina meno madogo yaliyokaribiana, na pembeni lina meno makubwa kidogo. Kwenye lami utapita juu ya sehemu laini. Ukikata kona kwenye changarawe, meno ya pembeni yatashika.

TAZAMA RINGI NA SPOKU

Kabla ya kununua ringi, tazama breki zako. Breki za vyuma vya mtindo wa zamani hushika ringi kwa ndani, upande unaoelekea habu. Breki za waya zinazobana hushika ringi ubavuni. Ringi za aina hizi mbili zina maumbo tofauti. Ukinunua isiyofaa, breki hazitashika.

Ringi ya chuma ni nzito na inashika kutu, lakini ikipinda fundi anaweza kuinyoosha. Mvua ikinyesha, breki hazishiki vizuri juu yake. Ringi ya alumini ni nyepesi, haioti kutu kama chuma, na breki hushika vizuri zaidi wakati wa mvua.

Hesabu matundu. Baiskeli nyingi za mtindo wa zamani zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Nyuma ni nyingi kwa sababu ndiko uzito unakokaa. Matundu ya ringi lazima yawe sawa na matundu ya habu.

Kisha zungusha gurudumu na utazame linavyopita kwenye breki. Je, linayumba? Gusa spoku moja moja. Iliyolegea itacheza. Spoku iliyolegea huzipa nyingine mzigo mkubwa, na mwisho zinakatika. Mpelekee fundi mapema.

UPEPO KIASI GANI?

Kwenye ubavu wa tairi utaona pia namba yenye herufi PSI. Hicho ni kipimo cha nguvu ya upepo. Usizidishe kiasi kilichoandikwa. Tairi la nyuma liwe na upepo zaidi kuliko la mbele.

Kama huna kipimo, panda baiskeli pamoja na mzigo wako, na mwenzako atazame tairi la nyuma. Likibonyea kidogo chini, ni sawa. Likilala mpaka ringi ikakaribia ardhi, ongeza upepo.

Ukiwa huna mzigo, unaweza kupunguza upepo kidogo kwenye changarawe. Baiskeli itatulia. Lakini ukiwa na gunia, usipunguze. Ringi itaubana mpira wa ndani juu ya jiwe na kuutoboa. Utayajua matundu hayo: ni mawili, yako jirani, kama nyoka ameuma.

TUNZA ULICHONUNUA

1. Ukipata pancha, usikimbilie kurudisha mpira. Pitisha kitambaa ndani ya tairi polepole. Mwiba uliobaki humo utatoboa tena.

2. Hakikisha ringi ina utepe unaofunika vichwa vya spoku. Bila utepe, vichwa hivyo vitatoboa mpira wa ndani.

3. Usilaze baiskeli juani kutwa. Usimwagie tairi mafuta ya taa wala oili. Vyote hivyo huharibu mpira.

4. Tairi la nyuma huisha kwanza. Ukinunua tairi moja jipya, na saizi ni moja, lifunge mbele, na la mbele likae nyuma kama bado ni zima. Tairi la mbele likipasuka, ni vigumu kuizuia baiskeli isianguke.

5. Tairi kipara, au lenye nyufa zinazoonyesha nyuzi, limekwisha. Libadilishe.

RAHISI NI GHALI

Usitazame bei peke yake. Tuseme tairi moja ni shilingi 10,000 na linadumu miezi 4. Jingine ni shilingi 18,000 na linadumu mwaka mzima. Kwa mwaka utanunua matatu ya kwanza, yaani shilingi 30,000. La pili utanunua moja tu. Umeokoa shilingi 12,000, na hujakwama njiani.

Basi, ndugu msomaji, leo jioni geuza baiskeli yako, magurudumu yawe juu. Soma namba. Ziandike kwenye daftari. Msomee na jirani ambaye bado hajajua kusoma. Siku ya kwenda dukani hutasema tena, "Nipe tairi lolote." Utasema namba, na utapewa linalokufaa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Njia yako ya kwenda sokoni ina changarawe kiasi gani, na lami kiasi gani?

2. Tairi la 26 x 1 3/8 na la 26 x 1.95 yanatofautianaje?

3. Kwa nini usipunguze upepo ukiwa umebeba gunia?