Je, Wajua? Maua ya chupa na maji ya Sumbawanga
Sumbawanga iko juu ya uwanda wa Ufipa, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na ndiyo maana maji huchemka hapo kwenye nyuzijoto 94 hivi, si 100. Joto hilo latosha kabisa kutengenezea maua ya mezani kwa chupa tupu za maji, maana plastiki yake huanza kulainika kwenye nyuzi 70 na kitu. Kiwandani chupa ilipulizwa na kutanuliwa. Ndiyo maana petali iliyokatwa kwa mkasi kutoka kwenye chupa hiyo ikichovywa kwenye maji ya moto husinyaa na kujikunja yenyewe. Inapendeza mno! Mzazi ndiye ashike koleo. Msiweke petali kwenye moto wa mkaa, moshi wa plastiki hudhuru. Shingo ya chupa haikutanuliwa, hivyo haisinyai sana: ifanyeni kitako cha ua.