Mipangilio ya Mita Ndiyo Bei ya Seva

Kufikia Novemba 24, 2024, kila mwenye mita ya stima ya tokeni nchini Kenya alitakiwa awe ameirekebisha mita yake kwa mkono wake mwenyewe. Mteja aliponunua tokeni alitumiwa na Kenya Power mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kwanza ya kuirekebisha mita, la tatu tokeni yenyewe. Watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, hapa Mombasa, walibonyeza tarakimu hizo 60 kama wenzao wa nchi nzima, na wengi hawakuelezwa sababu yake. Mita hizo hufuata kanuni ya STS iliyobuniwa Afrika Kusini. Ndani ya kila tokeni hufichwa idadi ya dakika zilizopita tangu Januari 1, 1993, na idadi hiyo ilitengewa nafasi ya biti 24 tu, yaani dakika 16,777,216. Nafasi hiyo ilijaa Novemba 24, 2024. Mita ambayo haikurekebishwa ingekataa tokeni mpya hata kama stima ipo kwenye waya na pesa zimeshalipwa. Uamuzi uliopitishwa na wahandisi zaidi ya miaka 30 nyuma ukawafikia wapangaji wa Mtongwe na Mikindani, waliokuwa hawajapata kuusikia.

Nimeanza na stima kwa sababu kila msomaji anaijua, lakini hoja yangu inahusu mita nyingine ambayo wachache wamewahi kuiona. Siku hizi kampuni ya kuondosha mizigo bandarini yenye ofisi Changamwe, shule ya binafsi ya Kisauni au zahanati ya Likoni haina haja ya kununua kompyuta kubwa ya kuhifadhi kumbukumbu zake. Inakodi seva na kulipia inachotumia: saa za kompyuta, gigabaiti za hifadhi, data inayotoka. Mombasa ina nafasi nzuri katika biashara hiyo, kwa kuwa nyaya za chini ya bahari hutua hapa: SEACOM na TEAMS zilifika mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na kampuni ya iColo imejenga vituo vya data mjini humu. Watu hujadiliana sana juu ya bei kwa saa au kwa gigabaiti. Mimi nasema bei ya kweli hukatwa mahali pengine, kwenye mipangilio ya programu inayohesabu matumizi, na kwa hiyo mipangilio hiyo ni haki ya mteja kuiona kabla hajatia sahihi.

Programu ya namna hii ina sehemu nne. Ya kwanza hukaa kwenye seva, au kwenye mtambo unaozibeba seva, na kila baada ya muda fulani huchukua vipimo: seva hii imewashwa, ina kumbukumbu kiasi hiki, imetuma baiti kadha wa kadha. Ya pili huvipokea vipimo na kuvihifadhi pamoja na saa vilipochukuliwa. Ya tatu huvizidisha na bei, na ya nne huandika ankara. Katika OpenStack, mfumo huria unaotumiwa na watoa huduma wengi duniani, kazi ya kuvuna vipimo hufanywa na Ceilometer na ile ya kuvitia bei hufanywa na CloudKitty. Kuziweka programu hizi kwenye mtambo si kazi ndefu kwa fundi aliyezoea. Kazi ndefu ni kuamua: kipimo kichukuliwe kila dakika ngapi? Mabaki ya saa yafanywe nini? Mwezi ufungwe saa ngapi, na kwa saa za wapi? Programu huja na majibu yake ya kuanzia, na fundi mwenye haraka huyaacha yalivyo. Hapo bei huwa imeshaamuliwa na mtu ambaye hakumfikiria mteja wa Kisauni hata kidogo.

Chukua swali la mabaki ya saa. Tuseme shule inawasha seva mara tatu kwa siku, dakika kumi kila mara, ili kutengeneza ripoti, kisha inaizima. Mita inayohesabu kwa sekunde itaona nusu saa kwa siku, sawa na saa 15 kwa mwezi wa siku 30. Mita inayopandisha kila matumizi hadi saa nzima itaona saa tatu kwa siku, sawa na saa 90. Bei iliyoandikwa kwenye mkataba ni ileile, na ankara imezidi mara sita. Amazon ilipofungua huduma yake ya seva za kukodi Agosti 2006 ilitoza kwa saa nzima, na ilianza kutoza kwa sekunde Oktoba 2017 tu. Wakenya walishalijua somo hili kupitia simu. Mwaka 2000, Kencell na Safaricom zilipoanza kushindana, Kencell ilitoza kwa dakika na Safaricom kwa sekunde. Mtu aliyepiga kusema neno moja na kukata aliona tofauti papo hapo kwenye salio lake, na uamuzi huo hutajwa hadi leo kuwa miongoni mwa sababu za Safaricom kuwashinda wenzake. Wateja walichagua kipimo kama walivyochagua bei, kwa sababu kipimo kilikuwa wazi na salio lilionekana.

Upande wa mtandao, makosa hujificha zaidi. Vifaa vingi vya mtandao huhesabu baiti kwa kaunta ya biti 32, inayofika 4,294,967,295 kisha ikarudi sifuri. Kwenye njia ya kasi ya megabiti 100 kwa sekunde iliyojaa, kaunta hiyo hujaa kwa muda usiofika dakika sita. Kwenye njia ya gigabiti moja hujaa kwa sekunde 34 hivi. Basi programu ikipangwa kuisoma kila dakika tano kwenye njia ya gigabiti moja, kaunta inaweza kuwa imezunguka mara nane bila mtu kujua, na hesabu inayobaki haina maana yoyote. Dawa yake inajulikana: kaunta za biti 64, ambazo vifaa vya leo vinazo, ila lazima fundi aiagize programu isome hizo badala ya zile za zamani. Ni ugonjwa uleule wa tokeni za 2024, namba iliyopewa nafasi ndogo kuliko maisha yake. Tofauti ni kwamba mita ya stima ilipogoma mteja alibaki gizani na akapiga simu. Mita ya seva ikikosea haizimi kitu, na ankara huja kama kawaida.

Kuna pia suala la saa na suala la kufikika. Mitambo mingi hufunga mwezi kwa saa za ulimwengu, hivyo usiku wa manane wake ni saa tisa za usiku kwetu, na kazi ya saa hizo tatu za mwanzo wa mwezi huingizwa kwenye ankara ya mwezi uliopita. Kwa anayelipa kwa dola hilo si dogo, maana shilingi ilikuwa karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa mwaka 2024 na karibu 130 miezi michache baadaye, na mkataba usiosema ni kiwango cha siku gani kitatumika umeacha shimo la karibu robo kati ya bei nafuu na bei ghali. Kisha likaja tukio la Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa kusini na intaneti ikawa ya kusuasua Afrika Mashariki nzima. Seva iliyoko ng'ambo iliendelea kuwaka wakati huo wote, na mita inayouliza swali moja tu, je, seva imewashwa, iliendelea kuhesabu, hata kama mtu wa Changamwe hakuweza kuifikia. Huo haukuwa udanganyifu wa yeyote. Mita ilijibu swali ililopewa, na aliyechagua swali hilo ni aliyeipanga.

Watasema wengine kwamba mambo haya ni ya mafundi, na kumwekea mteja orodha ya mipangilio ni kumtwisha asichokielewa. Jibu langu ni zile tarakimu 60. Serikali na kampuni ya umeme ziliona inafaa kumwachia mama wa nyumbani na kijana wa duka wairekebishe mita wenyewe, na kazi ikafanyika. Anayeweza kufanya hivyo anaweza kusoma sentensi moja inayosema: tunahesabu kwa sekunde, hatuhesabu seva iliyozimwa, mwezi unafungwa saa sita usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Wala si lazima kila mteja asome. Inatosha wachache wasome na kulinganisha, kwani hata sokoni bei hunyooshwa na wanunuzi wachache wanaoijua, na wengine wote hunufaika.

Wengine watasema kompyuta haina tamaa, na kampuni yenye jina haiwezi kumwibia mteja senti. Sidai kwamba wanaiba. Nadai kwamba imani ya kuwa mashine haikosei imewahi kuumiza watu wasio na hatia. Nchini Uingereza, kati ya mwaka 1999 na 2015, mamia ya wasimamizi wa posta ndogondogo walishtakiwa na kutiwa hatiani kwa upungufu wa pesa uliosomwa kwenye programu ya hesabu ya Horizon. Baadaye ilithibitika mahakamani kwamba programu yenyewe ilikuwa na kasoro, na mwaka 2024 bunge la huko likapitisha sheria ya kuwafutia hatia. Waliofungwa walikuwa wakweli. Kilichowakosesha haki ni kwamba hesabu ilikuwa upande mmoja tu, wao wakiona jumla pasipo kuona ilikotoka. Ankara ya seva haimpeleki mtu jela, lakini imejengwa kwa mpango uleule: mwenye mita ndiye shahidi, ndiye mwandishi wa hati, na ndiye anayelipwa.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wale wanaosema: kama mita ina matata yote haya, tuachane nayo, tulipe kiasi kimoja kila mwezi. Kwa mwenye kazi isiyobadilika, inayowaka usiku na mchana, shauri hilo ni zuri na ninaliunga mkono. Lakini biashara nyingi za upande wa bara wa Mombasa haziko hivyo. Shule hujaa wakati wa mitihani na hulala wakati wa likizo, hoteli ndogo za upande wa Bamburi hushamiri Desemba, na wakala wa forodha huwa na siku za meli na siku za kukaa. Kwa hawa, malipo ya mwezi mzima yana maana ya kulipia kompyuta isiyofanya kazi, na malipo kwa matumizi ndiyo yaliyowafungulia mlango wa teknolojia ambayo zamani ilikuwa ya mashirika makubwa. Ni kwa sababu malipo hayo yana manufaa ndipo mita yake inastahili kulindwa.

Ulinzi huo hauhitaji mambo makubwa. Anayeweka programu ya kuhesabu aijaribu kwa kazi inayojulikana kabla ya kumtoza mtu: awashe seva kwa dakika 30 kamili, atume faili la gigabaiti kumi, kisha aangalie kama mita imesema dakika 30 na gigabaiti kumi. Saa za mitambo yote zioanishwe, vipimo ghafi vihifadhiwe hadi muda wa kulalamika upite, na mabadiliko yoyote ya mipangilio yaandikwe tarehe na sababu. Mteja naye asikae bure. Kwenye seva ya Linux kuna programu ndogo ya bure, vnStat, inayoorodhesha data iliyoingia na kutoka kwa saa, kwa siku na kwa mwezi. Kuiweka ni kazi ya amri moja, na mwisho wa mwezi mtu ana namba yake ya kuiweka mezani kando ya ile ya mtoa huduma. Zikitofautiana, mazungumzo yana pa kuanzia. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na daftari la seva linapaswa kuwa mikononi mwa watu wawili.

Sheria nayo ina msingi tayari. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa au huduma, na Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, inataka mizani ya muuzaji ikaguliwe na kupigwa muhuri. Mwuza nyanya wa Kongowea hupelekewa mkaguzi kwa ajili ya kilo moja. Sioni sababu ya anayeuza saa za kompyuta kwa maelfu asitakiwe hata kutangaza kwamba saa yake ina dakika ngapi. Wasimamizi wa nchi waanze na sharti jepesi: kila mkataba wa huduma inayolipiwa kwa matumizi ubebe ukurasa mmoja wenye kizio cha hesabu, namna ya kufanya mabaki, saa ya kufunga mwezi, kiwango cha kubadili dola na njia ya mteja kupata vipimo ghafi. Hadi sharti hilo lije, mteja wa Likoni, Kisauni au Changamwe auombe ukurasa huo mwenyewe. Mtoa huduma aliyeipanga mita yake vizuri atauandika kwa siku moja, na asiyeweza kuuandika hajui anachouza.