Blogu na Msomaji wa Insha: Uandishi wa Mtandaoni katika Ufundishaji wa Kiswahili Kisii na Nyamira

Insha nyingi zinazoandikwa katika shule za sekondari nchini Kenya husomwa na mtu mmoja tu. Mtu huyo ni mwalimu, naye huzisoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi na rundo la madaftari mengine likimsubiri mezani. Mwanafunzi akirudishiwa daftari hutazama alama aliyopewa, huilinganisha na ya mwenzake wa dawati, kisha hulifunga. Barua aliyomwandikia mhariri haikumfikia mhariri yeyote. Hotuba aliyoitunga haikusikilizwa na hadhira. Mahojiano aliyoyaandika hayakumhoji mtu. Kwa miaka minne mwanafunzi huyu hujifunza kuandika kwa namna zote za mawasiliano bila kuwasiliana na yeyote, kisha hushangaza walimu kwamba maandishi yake hayana uhai.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi blogu inavyoweza kuipatia insha ya mwanafunzi msomaji mwingine zaidi ya mtahini. Maelezo yanaegemea kaunti za Kisii na Nyamira, eneo ambalo mazingira yake ya lugha yanaifanya haja ya msomaji huyo kuwa kubwa.

Blogu na jadi ya kujibizana

Neno blogu limetokana na neno la Kiingereza "weblog", lililoanza kutumika mwaka 1997 na kufupishwa miaka miwili baadaye. Blogu ni ukurasa wa mtandaoni ambamo maandishi hupangwa kwa tarehe, lililo jipya likitangulia, na ambamo msomaji huweza kuacha maoni chini ya kila andiko. Huduma ya Blogger ilianza mwaka 1999 na WordPress mwaka 2003; zote mbili ziliwawezesha watu wasiojua lolote kuhusu uundaji wa tovuti kuchapisha maandishi yao bila malipo. Waandishi wa Kiswahili hawakukawia. Mtanzania Ndesanjo Macha, kwa blogu yake ya Jikomboe, alikuwa miongoni mwa waliotangulia kublogu kwa lugha hii, na Issa Michuzi akafuata mwaka 2005 kwa blogu ya picha na habari iliyopata wasomaji wengi mno. Katika siku hizo wanablogu wa Tanzania walikuwa wakitumia pia istilahi "gazeti tando". Inasikitisha kidogo kwamba istilahi hiyo haikushika, kwa sababu ilimfahamisha msomaji kwa maneno mawili tu kwamba jambo lenyewe ni geni kwa chombo na kongwe kwa tabia.

Ukongwe huo unastahili kuzingatiwa na mwanafunzi wa fasihi. Kuandika kitu hadharani na kungoja kujibiwa ni desturi ya muda mrefu katika Kiswahili. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi karibu mwaka 1840, anakumbukwa pia kwa tungo za malumbano na washairi wengine. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa malenga wa Tanganyika na kwingineko uwanja wa kuulizana na kujibizana, na ukurasa wa mashairi katika Taifa Leo umeendeleza kazi hiyo nchini Kenya. Mshairi aliyetuma shairi lake gazetini alijua kwamba akikosea mizani au akitoa hoja dhaifu, wiki chache baadaye angejibiwa na mtu asiyemfahamu, kutoka mji asiowahi kufika. Ujuzi huo ulimfanya aandike kwa uangalifu. Hicho ndicho kinachokosekana katika daftari la insha, na ndicho ambacho blogu inaweza kukirejesha.

Mazingira ya Kisii na Nyamira

Kaunti hizi mbili zilikuwa wilaya moja hadi Nyamira ilipotengwa katika miaka ya 1980, na wakazi wake wengi wanazungumza Ekegusii. Mtoto wa Nyansiongo, Kebirigo au Ogembo aghalabu hukutana na Kiswahili shuleni, sokoni na redioni, lakini katika daraja la kwanza la maisha yake huzungumza Ekegusii na watu wote wanaomzunguka. Hali hii haina aibu yoyote. Tatizo huja pale ambapo mwanafunzi, mwalimu wake na wenzake wote wana lugha mama moja, na hivyo makosa yanayotokana na lugha hiyo hayawakwazi kimawasiliano. Kila mmoja huelewa.

Mfano ulio wazi ni sauti /l/ na /r/. Ekegusii haina /l/. Hata jina la afisa wa kikoloni Northcote lilitamkwa na Abagusii Nyarigoti, na shule ikawa "esukuru". Mwanafunzi anayeandika "alikura chakula" au "mahari pa kurara" husomwa na wenzake bila tatizo, kwa kuwa wanaisikia sauti ile ile wanayoitamka. Mwalimu huzungushia mduara mwekundu, mwanafunzi husahihisha neno hilo moja, na wiki ijayo kosa hurudi katika neno jingine. Lakini msomaji wa Malindi au wa Tanga akikuta sentensi isemayo kwamba kijana alitafuta "mahari" pazuri, atafikiria posa na ng'ombe, na akiuliza katika maoni yake ni msichana yupi aliyekuwa akiposwa, mwandishi atacheka kwanza, kisha ataelewa. Fundisho la namna hii hukaa. Mduara mwekundu humwambia mwanafunzi kwamba amevunja kanuni. Swali la msomaji humwonyesha kwamba hakueleweka.

Suala la pili ni idadi. Sera ya kuwaingiza wanafunzi wote waliomaliza shule ya msingi katika sekondari, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2018, iliongeza wanafunzi madarasani. Mwalimu mwenye mikondo mitatu ya wanafunzi hamsini hamsini ana insha 150 za kusahihisha kila anapotoa zoezi. Akitumia dakika kumi kwa kila insha, atahitaji saa 25, mbali na vipindi vyake vya kila siku. Matokeo yake yanajulikana na kila aliyewahi kwenda mazoezi ya ualimu: insha hutolewa mara chache, na husahihishwa kwa haraka. Blogu haiwezi kumwondolea mwalimu kazi hii. Inachoweza ni kuhakikisha kwamba insha isiyosahihishwa na mwalimu juma hili haikai bila kusomwa na mtu.

Utaratibu unaowezekana

Kizingiti cha kwanza kinajulikana: wanafunzi wa shule za sekondari, hasa za bweni, hawaruhusiwi kuwa na simu za rununu shuleni. Mapendekezo mengi kuhusu teknolojia na elimu huanza kwa kudhani kwamba kila mwanafunzi ana simu tambuzi mfukoni na vifurushi vya kutosha. Mpango wowote wenye dhana hiyo haufai hapa. Wakati wa kufungwa kwa shule kuanzia Machi 2020 hadi kufunguliwa kikamilifu Januari 2021, somo lilikuwa dhahiri: vipindi vya redio vilimfikia mtoto wa kijijini kwa urahisi kuliko darasa la mtandaoni, ambalo lilimhitaji awe na kifaa, umeme na fedha kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo blogu ya darasa ianzie kwenye karatasi. Wanafunzi waandike insha kwa mkono kama kawaida. Wakae katika vikundi vya watano watano, wasomeane, na kila kikundi kiteue insha moja pamoja na kueleza sababu za uteuzi wake. Mjadala huo wa uteuzi, kwa hakika, una manufaa kuliko sehemu nyingine yoyote ya utaratibu huu, na hauhitaji waya wala bando. Insha teule huandikwa upya na mwenyewe baada ya kupokea mawaidha ya kikundi, kisha hupigwa chapa katika tarakilishi ya shule, au mwalimu huipakia kwa simu yake jioni. Andiko moja la maneno 400 ni dogo sana. Gharama yake haifiki ya picha moja. Maoni ya wasomaji yakija, mwalimu huyachapisha au huyanakili na kuyabandika ukutani darasani, na mwanafunzi huandika jibu lake kwa mkono. Mtandao unapitiwa mara mbili tu kwa juma.

Nani atasoma? Swali hili ndilo huua blogu nyingi za shule, ambazo hufunguliwa kwa shangwe, zikapata maandiko matatu, zikanyamaza. Msomaji lazima atafutwe kabla ya blogu kufunguliwa. Shule moja ya Nyamira inaweza kukubaliana na shule moja ya Kwale au Lamu kwamba kila upande utasoma na kujibu maandiko ya mwenzake. Katika eneo lenyewe, Chuo Kikuu cha Kisii, kilichoanza kama chuo cha walimu wa shule za msingi mwaka 1965 na kutunukiwa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013, kinawaandaa walimu wa Kiswahili ambao siku moja watasahihisha insha hizo hizo. Kuwapa wanafunzi hao wa ualimu insha tano kila mmoja wazijibu kwa muhula kungewafundisha kutoa mawaidha ya maandishi kabla hawajakabidhiwa darasa la watu hamsini. Vyama vya Kiswahili vya vyuo, ambavyo hutumia nguvu nyingi kuandaa makongamano, vingeweza kuisimamia kazi hii bila bajeti kubwa.

Fasihi simulizi ndiyo inayopata faida iliyo kubwa zaidi. Mtaala wa sekondari unamtaka mwanafunzi aelewe ukusanyaji wa data nyanjani, lakini katika shule nyingi mada hii hufundishwa kwa kukariri hatua zake. Hebu ichukuliwe mighani ya Otenyo na Moraa. Januari 1908 Otenyo alimchoma mkuki Geoffry Northcote, afisa wa Waingereza ambaye alipona na baadaye sana akawa gavana wa Hong Kong. Moraa, mwanamke aliyeheshimiwa kwa uaguzi, ndiye anayesimuliwa kwamba alimhimiza. Zaidi ya hapo masimulizi hutengana. Uhusiano wa wawili hao hutajwa kwa namna tofauti, na kifo cha Otenyo husimuliwa hivi upande mmoja na vile upande mwingine. Kitabu cha kiada hakina nafasi ya tofauti hizo. Huchagua toleo moja na kusonga mbele. Mwanafunzi akimsikiliza nyanya yake huko Manga, akaitafsiri simulizi hiyo kwa Kiswahili na kuiweka katika blogu, mwenzake wa Keroka au Tabaka anaweza kuandika chini yake kwamba kwao husimuliwa vingine. Hapo nadharia ya kwamba fasihi simulizi haina toleo moja sahihi huacha kuwa sentensi ya kukariri. Vivyo hivyo kuhusu obokano, zeze la nyuzi nane la Abagusii: maelezo ya namna linavyoundwa, yakiambatana na sauti na picha, yana thamani kwa mtafiti yeyote wa muziki, naye mwanafunzi aliyeyakusanya atajua kwamba ameandika jambo ambalo mtahini hakulijua.

Mambo ya kutahadhari

Wapo walimu wanaohofia kwamba mtandao utaingiza Sheng na ufupishaji wa maneno katika insha. Hofu hii ina msingi, ila inaelekezwa pasipostahili. Ufupishaji hukua katika ujumbe wa simu na mazungumzo ya WhatsApp, ambamo kasi ndiyo sifa. Blogu huvumilia andiko refu, huruhusu kulirekebisha, na humweka mwandishi mbele ya watu asiowafahamu. Mazingira hayo humsukuma kuelekea Kiswahili sanifu.

Hofu iliyo nzito zaidi ni ya usalama wa watoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahitaji idhini ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijashughulikiwa. Hivyo jina kamili, picha ya mwanafunzi na kijiji chake visiwekwe. Lakabu inatosha, na malenga wa magazetini wametumia lakabu kwa miongo mingi bila kupungukiwa na heshima. Maoni yote yapitie kwa mwalimu kabla ya kuonekana. Kejeli moja kuhusu lafudhi ya Kikisii, ikiachwa ibaki hadharani, yaweza kumnyamazisha mtoto kwa muda mrefu kuliko alama mbaya.

Kuanzia mwisho wa mwaka 2022 limezuka jambo jingine: programu za akiliunde zinazoandika insha kamili kwa sekunde chache. Utaratibu wa kuanzia kwenye karatasi, darasani, mbele ya kikundi, unasaidia hapa pia, kwani wenzake wameiona insha ikikua, na mwandishi atalazimika kuyajibu maswali ya wasomaji kwa kichwa chake mwenyewe.

Mwisho ni suala la uhifadhi. Huduma za mtandaoni hufa. GeoCities ilifungwa mwaka 2009, Posterous mwaka 2013, na yaliyokuwamo yakatoweka isipokuwa yale yaliyookolewa. Shule inayokusanya simulizi za wazee kwa miaka mitano haiwezi kuyaacha yote mikononi mwa kampuni ya mbali. Kila mwisho wa muhula maandiko yachapishwe kwenye karatasi, yatobolewe na kuwekwa katika faili maktabani, insha na maoni yake pamoja, tarehe zikiwa juu.