Ahadi ni Deni: Basi Tuulize Kiasi na Siku

Mwezi wa Oktoba 2019 reli ya kisasa ilifunguliwa hadi Suswa. Bandari kavu ikajengwa Mai Mahiu, Naivasha, na mwaka 2020 shehena za nchi jirani zikaelekezwa huko. Sisi wa pwani tulilalama: kazi za madereva, makuli na mawakala wa forodha zilikuwa zikihama, na pamoja nazo riziki ya akina mama wanaowauzia chakula. Ndugu zetu wa Naivasha, kwa upande wao, walitazamia neema.

Tarehe 13 Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake uwanjani Kasarani, Rais William Ruto alisema mambo mawili. Kwanza, kwamba alasiri ile ile angetoa amri shughuli za kutoa mizigo zirejeshwe Mombasa. Pili, kwamba hatua hiyo ingerudisha maelfu ya ajira mjini humo.

Tuziweke kauli hizo mizanini. Ya kwanza ina mtendaji, ina kitendo na ina wakati. Lau jua lingetua bila amri, kila mtu angejua. Ya pili haina hesabu wala muhula. Maelfu ni mangapi, na yatarudi lini? Naye aliyefungua duka Mai Mahiu akitumainia malori hakutajiwa lolote. Kunyamaza nako ni kukwepa.

Misemo mingine twaisikia kila msimu wa kura. "Tutaliangalia": kuangalia si kutenda. "Mipango inaendelea": inaendeshwa na nani? "Serikali imejizatiti": nia si bajeti. Na linalotuuma zaidi ni "inshallah" iliyogeuzwa kuwa mlango wa kutokea. Neno hilo hulitamka mwenye azma, akikiri kuwa uwezo ni wa Mola. Si kificho cha asiyekusudia kutenda.

Familia hupanga maisha kwa kauli hizi. Mtu hukopa, huhama, hubadilisha shule ya watoto. Kauli ikiwa tupu, hasara hubaki nyumbani.

Uchaguzi wa mwaka 2027 haupo mbali. Atakapokuja mgombea, tumuulize kwa adabu: nani atatenda, atatenda nini, kwa kiasi gani, na lini? Majibu tuyaandike. Wahenga walisema ahadi ni deni, na dini yetu imetuagiza deni liandikwe pamoja na muda wake. Lisilo na kiasi wala siku, tutalidai vipi?